Pua ya Bi Mkubwa

Mke wa Mzee Nitafika alikuwa mke wa pili, na wa kwanza kukutangazia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. "Mimi hapa ni bi mdogo," angekwambia huku akicheka. "Bi mkubwa yule kule uani, kanuna kama kawaida yake." Ukigeuka ukitegemea kumwona mama wa makamo amekaa kwenye mkeka, unakutana na lori. Lori la dizeli, la buluu, la mtindo wa zamani ule wa pua ndefu mbele, kabla hawajaanza kuficha injini chini ya makalio ya dereva. Juu ya kioo cha mbele lilikuwa na ubao, na kwenye ubao maneno mawili yaliyopakwa rangi upya kila mwaka: NITAFIKA TU. Ndiyo yaliyompa mzee jina lake. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Na ni kweli bi mkubwa alimtangulia. Yule bwana alikabidhiwa lori na tajiri wake miaka mitatu kabla ya kuoa, na baadaye sana, tajiri alipochoka na biashara, akaliuza kwa dereva wake likawa la nyumbani. Bibi harusi aliingia akamkuta mwenzake keshatawala ua, na kila ukewenza una taratibu zake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa utingo wa lori aliacha kazi ghafla, bwana akakaa barazani siku mbili ameshika tama. Mke akachoka kumtazama. "Kwani kazi ya utingo ni nini hasa?" akamuuliza. Akaambiwa: kufunga turubai na kulifungua, kuweka gogo nyuma ya tairi gari likisimama, na kumwamsha dereva akianza kusinzia. Mke akapiga makofi. "Kufunga nguo na kumwamsha mwanamume! Kwani hapa ndani nafanya nini kingine?" Kesho yake alfajiri akapanda. Watu wakasema, wakasema mpaka wakachoka, yeye yuko juu ya lori anakula upepo. Alifanya kazi ile miaka sita, mpaka mimba ya pili ilipomshusha. Lakini jina halikushuka. Tangu siku ile mumewe alimwita Utingo. Alimwita hivyo jikoni, akamwita hivyo harusini kwa watu, akamwita hivyo hata mbele ya wakwe zake walioduwaa. Jina lingine kinywani mwake hakulisikia tena.

Sasa ilikuwa miezi saba hajalisikia.

Ilianza kwa mambo ya kuchekwa. Mzee alitia chumvi kwenye chai, akavaa koti kinyume, akatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Walicheka wote. Halafu kukaingia mambo yasiyochekwa, na siku moja asubuhi alimtazama mkewe aliyemletea uji, akampokea kwa heshima zote, akasema, "Asante, dada. Samahani, wenyewe wa hapa wametoka?" Mama wa watu alisimama na kijiko mkononi. Akajibu, "Wametoka kidogo, watarudi." Akaenda kukaa nyuma ya choo akalia mpaka pua ikaziba. Tangu hapo akawa dada. Dada, naomba maji. Dada, nisaidie kamba ya kiatu. Hakumwambia mtu hata binti yake kwamba anachokitaka ni aitwe Utingo mara moja tu. Utamwambia nani kwamba unalilia jina? Watadhani na wewe umeanza.

Kilichomaliza mambo ni ukuta wa jirani. Mwezi uliopita, kabla jua halijachomoza, mzee alivaa viatu vyake vya kazi, akawasha lori ili awahi mzigo wa tajiri ambaye alikuwa kaburini miaka kumi na tano. Geti alilipita salama. Ukuta wa jirani haukusalimika, na nusu yake ililala barabarani. Bahati hakuumia mtu. Binti yao mkubwa, ambaye ni nesi na hana maneno mengi, alikuja siku hiyohiyo, akachukua ufunguo wa lori akautia kwenye kopo la sukari, juu kabisa kabatini. Akasema, "Mama, hili gari linauzwa." Mama alibisha wiki mbili. Alibisha huku akijua mtoto ana haki, ndiyo maana alibisha kwa kelele. Mwisho akakubali. Mnunuzi akapatikana, mtu wa kubeba mchanga, angekuja Jumamosi saa kumi jioni.

"Ila naomba kitu kimoja," mama akasema. "Kabla hajaondoka, tumuoshe injini. Mimi na baba yako. Hapa hapa nyumbani, kama tulivyokuwa tunamuosha."

"Mama, pale kona kuna vijana wana mashine ya presha. Dakika kumi."

"Presha! Wale wanaosukumia maji mpaka ndani ya nyaya halafu wanakwambia gari lako lilikuwa bovu tangu zamani? Baba yako akisikia atazimia."

Nesi akavuta pumzi. Alijua kulivyo mle chini ya boneti: chuma cha moto, betri, mafuta, feni. Si mahali pa mtu anayesahau jina lake. "Sawa," akasema. "Lakini nasimama hapo hapo. Akikosea kitu kimoja, mama, kimoja tu, namwingiza ndani, na lori linakwenda hivyo hivyo na uchafu wake."

"Kimoja," mama akakubali. Moyoni alikuwa akihesabu mengine. Alijisemea kwamba kama bwana yule yumo bado mahali fulani, basi yumo chini ya ile boneti, na akitoka hata kwa dakika moja atamwita mkewe jina lake. Nafasi nyingine haikuwepo.

Jumamosi saa tatu asubuhi binti aliwasha lori, akalitoa kwenye kona yake akaliweka katikati ya ua penye jua, akaliacha lingurume kidogo. Alipozima aliteremka kwenda kutafuta glavu. Mzee alikuwa kwenye benchi na kikombe chake, mtazamo wake uko mbali. Mama hakungoja. Alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa bahati yake itageuka. Akainua boneti, akavuta mpira wa maji, akafungua bomba.

"We! We! Weka chini hiyo!"

Sauti ilitoka kwenye benchi. Si sauti ya uji na kamba za viatu. Mama aliuacha mpira ukaanguka, ukaanza kurukaruka na kumlowesha miguu.

Mzee alikuwa amesimama. Alikuja na kandambili zake, akanyoosha kiganja karibu na injini bila kuigusa, kama unavyopima joto la mtoto. "Chuma cha moto, maji ya baridi," akasema kwa hasira. "Unataka kichwa cha injini kipasuke? Nani kakufundisha kazi? Funga maji. Mwenda pole hajikwai."

Wakangoja saa nzima. Nesi alitazama saa yake, akamtazama baba yake. Kosa la kwanza la siku lilikuwa la mama, na mkataba haukusema chochote juu ya mama. Mama mwenyewe hakuwahi kufurahia kugombezwa namna ile tangu azaliwe.

Injini ilipopoa mzee akapanda ndani ya lori, akakaguakagua, akashuka. Akachukua gogo chini ya kiti, lile gogo la mti mgumu lililolainika kwa mikono ya miaka yote, akamkabidhi mkewe. "Dada, kaliweke nyuma ya tairi."

Dada. Haya. Akaenda akaliweka.

Betri ilikuwa ndiyo hofu kubwa ya nesi. Alisogea karibu kabisa na mikono yake tayari kama mtu anayesubiri kudaka kikombe. Baba yake akachagua spana bila kuitazama, akailekeza upande wa hasi, akalegeza. "Unaanza na hasi," akamwambia yule binti, kwa upole wa mwalimu. "Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, unapata cheche. Hapa kuna mafuta. Cheche na mafuta hawana undugu." Akavuta waya, akaukunja pembeni usiguse kitu. Ile nati ya betri akaishika baina ya vidole viwili, akachukua mkono wa kulia wa binti, akaiweka katikati ya kiganja, akakifumba kwa mikono yake yote miwili. "Shika. Usifungue mpaka nikwambie."

Nesi akaganda. Alikuwa na miaka mitano alipokuwa anakaa juu ya tairi la akiba, miguu inaning'inia, kiganja kimefumba nati ya betri, anaogopa hata kujikuna. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku ya kuosha. Baba yake hakuwa mtu wa kuweka kitu mezani kisha akitafute. Kila kilichofunguliwa kilikuwa na mlinzi wake.

Basi akampa baba yake glavu kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa zile nyembamba za hospitali. Mzee akazivuta, zikapasuka, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Hizi za kupimia wajawazito! Lete za kazi." Zikaletwa za mpira mzito, na miwani ya kukinga macho, akavaa bila ubishi.

Ikafika zamu ya kufunika. Mama alikuwa ameandaa mifuko ya plastiki na vipande vya mpira wa baiskeli vya kufungia. Akaivalisha mfuko altaneta, ile inayochaji betri, akaikaza. Akafunika sanduku la fyuzi. Akafunika kila kiungo cha waya alichokijua, na alivijua vyote. Akanyoosha mkono kuchukua mfuko wa bomba la kuvutia hewa, lile tundu ambalo injini inapumulia, ambalo nyumba ile yote waliliita pua.

"Acha," mzee akasema. "Pua ni yangu."

Mkono wa mama ukarudi wenyewe. Miaka arobaini, na bado pua si yake! Ngoja usikie kisa cha hii pua, maana ilikuwa mwiba, na mwiba ule haukuwahi kutoka.

Siku ya kwanza kabisa kuosha pamoja, alipokuwa utingo wa wiki tatu, walikuwa wamefungua chujio la hewa ili kulikung'uta, na bwana akamwambia aizibe pua kwa kitambaa maji yasiingie. Akaziba vizuri sana. Wakaosha, wakakausha, wakafunga kila kitu, na kitambaa akakisahau ndani. Bwana alipowasha, Bi Mkubwa alikohoa, akatikisika, akatoa moshi mweusi kama nyumba inaungua, akazimika. Vipande vya kitambaa vilikuwa vimeingia mpaka tumboni. Injini ikafunguliwa, ikalala gereji wiki tatu. Tajiri alikuja akafoka mbele ya wapakizi wote, akauliza mjinga gani kafanya hivi. Bwana akasema, "Ni mimi. Nilisahau." Akatukanwa matusi ambayo hata mbwa angeondoka, na yeye kasimama tu. Mke alikuwa nyuma ya mlango anasikia yote. Alilia siku tatu. Chakula hakikupita.

Mumewe hakumlaumu, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo, ikifika zamu ya pua, ni yeye. Na ikifika zamu ya kufunua, anamwambia, "Utingo, nenda nyuma kakae na gogo, usilitoe mpaka nikuite." Kila safari. Yeye akae nyuma kabisa ya lori anatazama tairi, na bwana mbele peke yake anafungua pua. Ingekuwa wewe ungeelewaje? Alielewa kwamba haaminiwi. Siku wakigombana alimrushia lile lile: "Umeniamini na wanao, hujaniamini na pua ya gari!" Na bwana alicheka tu, akasema, "Kaa na gogo lako, Utingo." Akazoea. Mazoea yana taabu lakini yanakulea. Ila hakusahau.

Kwa hiyo hata leo akamwachia mzee aifunike pua. Akainama kuchanganya sabuni, ile ya kuyeyusha grisi, kipimo kimoja cha sabuni kwa vinne vya maji. Petroli wala mafuta ya taa hayakuwahi kukaribia kazi ile. Dereva mwenzao mmoja zamani aliosha kwa petroli na leo hana nyusi. Chini ya injini walitandaza unga wa mbao kutoka kwa seremala, na beseni kuukuu katikati, ili maji machafu yenye oili yasiende kwenye mfereji wala kwenye mboga za jirani. Jirani alikuwa na ukuta wa kudai tayari, hakuhitaji na mchicha.

Wakaanza. Mzee alishika brashi ndefu, mama ile fupi ya pembeni. Walipaka sabuni wakaiacha ilegeze uchafu, wakasugua, wakapaka tena. Grisi ya miaka miwili ilianza kuteremka taratibu, na chini yake ile rangi ya kijani ya injini ikaonekana. Harufu ikapanda, sabuni na oili na chuma kilicholowa, na mama akarudishwa nyuma yote bila kuombwa ruhusa. Aliona asubuhi za njiani, beseni moja la maji kwa watu wawili na gari moja, na Bi Mkubwa akioga kwanza. Aliona kilemba chake kimeanikwa juu ya rejeta yenye uvuguvugu na bwana akikitikisa kabla hajampa, kwa sababu siku moja kilikuwa na nyigu. Aliona mlima ule walioupanda kwa gia ya kwanza kutwa nzima, wapita njia kwa miguu wakiwasalimu, wakiwapita, na mmoja akigeuka kusema, "Salamu tutawafikishia!" Jamani, walicheka siku ile. Walikuwa hawana kitu, na hakuna kilichopungua.

"Hapa usimwage," mzee akasema, akiusogeza mkono wake mbali na pampu ya dizeli. "Mzunguke. Dizeli haipendi kupigwa, inapenda kubembelezwa."

"Ndiyo, dereva," mama akasema.

Akamtazama upesi aone kama kuna kitu. Mzee alikuwa anasugua.

Wakasuuza kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, kidole kikiyatawanya mdomoni mwa mpira, kutoka juu kwenda chini. Wakafuta kwa matambara makavu. Wakaacha boneti wazi jua likaushe kilichobaki, mifuko ikiwa bado imevaliwa. Unga wa mbao uliolowa wakauzoa na kuutia kwenye gunia. Nesi alizoa kwa mkono wa kushoto. Baba yake hakukosea kitu, hata kimoja. Akarudi kwenye benchi akakaa, uso ukaanza kumwondoka tena polepole, na jina alilokuwa akilingoja mama halikuwa limekuja.

Mnunuzi alifika saa kumi kasoro, mtu mnene mchangamfu mwenye viatu vyeupe kwa mchanga. Alipoona injini inang'aa uchangamfu ukapungua. "Mama, mbona mmeosha? Injini iliyooshwa leo ni bibi harusi. Ukitaka kumjua mngoje wiki."

"Huyu tumemuosha tangu wewe hujaota meno," mama akamwambia. "Tutakuwashia. Kaa hapo nusu saa, umwangalie mwenyewe kama ana mahali anatoa jasho."

"Haya, washeni."

Nesi akapanda akapapasa kwenye swichi. Ufunguo haukuwepo.

Akashuka, akapanda tena. "Mama, umeutoa?" Mama hakuutoa. Wakatazama chini ya kiti, kwenye zulia, kwenye kopo la sukari, ndani ya ndoo. Nesi alipekua gari zima kwa mkono mmoja, wa kulia umefumba nati. Mwisho wakamgeukia aliyekuwa kwenye benchi.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

Mzee akamtazama.

"Ufunguo wa gari, baba. Ulipanda ndani asubuhi. Uliuchukua?"

"Sijui," mzee akasema. Akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, akaanza upya wa shati. "Sijui. Mimi... sijui." Alitazama watu watatu wanaomkodolea macho, akajikunyata, na ule urefu wote aliokuwa nao chini ya boneti ukaisha.

"Nilijua," nesi akasema kwa sauti ya kilio zaidi kuliko hasira. "Nilijua mimi. Si kosa lake, ni langu, ningeutoa mwenyewe. Huenda umeenda na maji." Mnunuzi akatazama simu yake, akasema kwa ustaarabu kwamba labda arudi wiki ijayo, au labda asirudi.

Mama alikuwa anamtazama mumewe akipapasa mifuko kwa mara ya nne. Moyo ulimuuma hadi akataka kumwambia binti aache, waseme ufunguo umepotea, yaishe. Halafu likamjia jambo. Miezi hii yote, kila mtu alipomuuliza kitu yule bwana hakujua. Asubuhi hakuna aliyemuuliza kuhusu hasi na chanya, na alijua.

"Usimuulize," akamwambia binti. Akaenda nyuma ya lori, akachuchumaa penye gogo, akaweka mkono juu yake, akapaza sauti ile ya zamani ya kupita mngurumo wa injini.

"Dereva! Jua linakwenda, tuondoke!"

Kisha akasikia kandambili. Zilipita kando ya lori, hazikukimbia, zikaenda moja kwa moja mbele. Miaka arobaini alikaa pale nyuma kwa utiifu. Leo akalivunja sharti. Akavua viatu, akazunguka kwa kunyata, akachungulia.

Mzee alikuwa ameinama kwenye pua. Akafungua mpira wa baiskeli, akavua mfuko wa juu. Chini yake ulikuwepo mfuko mwingine, umefungwa sawasawa. Na katikati ya ile miwili, umelala kama yai, ulikuwepo ufunguo.

Mama alisahau kwamba anachungulia. Akatoka wazi, akasimama karibu naye. "Unauweka humo?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kwa nini?"

Mzee akampima kwa macho kwanza, juu hadi chini, kama anayeamua iwapo mgeni huyu anafaa kuambiwa. Akatazama nyuma kule kwenye tairi, kuhakikisha. Akasogea.

"Dada, nikwambie kitu. Ila kiishie hapa."

"Kitaishia hapa."

"Nina utingo wangu, mke wangu. Siku moja alisahau kitambaa kwenye hii pua. Alilia, dada! Siku tatu hali chakula, nikaona nitamzika. Nikasema hapana, hili halirudii." Akauonyesha ufunguo. "Ukilala hapa, gari haliwaki mpaka pua ifunguliwe. Hata tukisahau wote wawili. Hawezi kukosea tena, hata akitaka."

"Na yeye... anajua?"

"Ajue wapi! Namweka kule nyuma na gogo. Akiona atadhani namkumbushia kosa lake." Akacheka kidogo, kwa mapenzi. "Ananuna, anasema simwamini. Acha anune. Na wewe ukimwona, usimwambie."

Mama akatazama kule nyuma penye gogo.

"Sitamwambia," akasema.

Nesi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yao, na amesikia. Mzee akamwona, akavua mfuko wa pili, akatoa na ile ya altaneta na fyuzi, akahesabu mifuko yote, kisha akanyoosha mkono. "Lete." Binti akafungua kiganja, vidole vimekakamaa, nati imeacha alama nyekundu ya pembe sita. Baba akaifunga betri. Akamkabidhi binti ufunguo, akasema, "Washa wewe, mimi nasikiliza." Bi Mkubwa akakohoa mara moja, akashika. Mnunuzi akakaa nusu saa yake akichungulia kila kona, akapata tone moja la oili kwenye kifuniko cha juu, akaridhika kwa sababu walimwonyesha wenyewe.

"Toa gogo!" mzee akapaza sauti, na mama akaenda akalitoa.

Lori lilipofika getini mnunuzi akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Mama, mnalisahau gogo! Si ni la gari?"

Mama alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, limemchafua nguo.

"Hapana, baba, wewe nenda," akamwambia. "Hili ni la utingo."